Nilivyomlisha mtu barafu kilomita 217

Ilianzia kazini. Kuna jamaa tunapiga nae shifti ya usiku hapa Las Vegas, Mmarekani wa miaka 52, siku moja akaniuliza kama ntaweza kumsindikiza kwenye Badwater mwezi wa saba. Nikajua tu, huyu kasikia Afrika Mashariki akaona keshapata mkimbiaji. Nikamwambia mapema, mie mtu wa Tanga, daladala ikiniacha sikimbii nangoja nyingine. Akacheka, akasema mkimbiaji ni yeye, anachotafuta ni dereva asiyesinzia.

Kwa asiyeijua, Badwater ni mbio za kilomita 217 za lami huko California, mnaanzia Death Valley, bonde la jangwa, mita 85 chini ya usawa wa bahari na mnaishia Whitney Portal, mita 2,500 na ushee juu, na katikati kuna milima mingine ya kuvuka, na muda ni saa 48 basi. Meza za maji kama za marathoni hamna kabisa. Kila mkimbiaji anakuja na gari lake na watu wake wasiozidi 4, hao ndo bomba lake la maji na jiko lake na daktari wa kwanza. Ukimaliza unapewa bizimu ya mkanda. Hela hakuna, bizimu tu.

Sisi tulikuwa watatu, mimi, mkewe (namwita shemeji, keshazoea) na rafiki yake ambaye ni nesi. Barafu tulibeba madeli manne na nesi akaweka sheria kabla hatujatoka nyumbani: deli la barafu ya kunywa halitiwi mkono, ni kopo tu, na deli la barafu ya mwilini ndo mchovye mnavyotaka. Nkaona anadeka. Kumbe mikono yenyewe ina jasho, losheni, vidole vilivyotoka kushika shika miguu ya mtu, ukichanganya hapo mkimbiaji anaharisha jangwani na mbio zimeishia hapo.

Tulianza saa 2 usiku na bado joto lilikuwa limepita nyuzi 40, upepo unakuja usoni kama umefungua tanuri la mikate. Usiku huo ulikuwa rahisi bwana. Naendesha kama kilomita 2 mbele, napaki nje kabisa ya lami, vizibao vya kung'aa vote tumevaa, akifika nampa chupa, nambadilishia leso ya barafu shingoni, nampulizia maji kwa pampu ya bustani, anaondoka. Furnace Creek, pale palipopimwa nyuzi 56.7 mwaka 1913, tulipita gizani hata sikupaona vizuri. Mtandao wa simu hamna, kwa hiyo kila kitu kiko kwenye daftari: saa ngapi, maji kiasi gani, chumvi, kakojoa au hajakojoa. Daftari nilikabidhiwa mimi, na niliringa nalo sana, mistari imenyooka, vema zimejipanga.

Stovepipe Wells tukafika saa 12 asubuhi, kilomita 68. Kuanzia hapo mtu wenu anaruhusiwa kukimbia nae ila nyuma yake sio mbele, shemeji akaingia. Kupanda Towne Pass ni kama mita 1,500 juu, vibao vya barabarani vinakwambia zima eisii gari lisichemke, nikazima, tukawa tunachemka sisi. Alafu mnashuka upande wa pili mchana kweupe kwenye bonde la Panamint na hapo ndo mambo yakaharibika.

Panamint Springs, kilomita 116, saa 9 mchana. Jamaa anatapika, anajibu maswali taratibu kama mtu aliyeamshwa, pete imebana kidole mpaka nyama imevimba pembeni. Mimi mbio mbio na chupa, kunywa kunywa umekaukiwa maji. Nesi akaninyang'anya chupa. Akampandisha kwenye mzani wa bafuni tuliobeba: alianza na kilo 71, sasa 73. Mtu aliyekauka hawezi kuongezeka kilo mbili! Maji yalikuwa yamejaa mwilini na chumvi imeshuka, na nesi akasema hiyo inaua watu kwenye mbio ndefu kuliko wanavyodhani.

Akaniuliza vidonge vya chumvi umempa? Nikamwonyesha daftari, vema kila nusu saa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kaptula ya jamaa akatoa vidonge kumi na kitu, vimeloa vimegandana kama ubuyu. Alikuwa anapokea, anatia mfukoni, anasema asante. Na mimi natia vema. Yaani nilikuwa naandika nilichotoa mkononi mwangu, sio kilichoingia tumboni kwake, na hapo nilikuwa nimeshajisifia mwandiko.

Tukamkalisha kivulini saa nzima na nusu. Maji marufuku mpaka akojoe, ila kila chenye chumvi apewe. Supu kaikataa, biskuti za chumvi kakataa. Sasa mie nilikuwa na embe mbichi zangu za safari nilinunua duka la Wafilipino, nakata kwa chumvi na pilipili kama tulivyokula shuleni, nikawa natafuna kwa huzuni tu, jamaa akanyoosha mkono. Akala kipande. Akala embe nzima. Mwishowe akaenda kukojoa nyuma ya gari na sisi watu wazima watatu tukapiga makofi.

Huko mbele sina mengi. Usiku wa pili alitembea zaidi ya kukimbia, aliona ng'ombe ambao hawapo, raba tulizikata mbele kwa kisu vidole vipumue maana malengelenge yalikuwa yamekula unyayo. Chumvi sasa nampa namwambia fungua mdomo, inua ulimi, kama mtoto wa kliniki. Mji wa Lone Pine tulifika asubuhi, na zile kilomita kama 20 za mwisho za kupanda nilitembea nae mimi mwenyewe, wa daladala, nyuma yake hatua mbili.

Mstari wa mwisho wa daftari, kwa mwandiko mbaya kweli kweli: saa 10:07 jioni, kamaliza, maji hataki, chumvi hataki, anaulizia embe.