Kinachomshinda mwalimu wa kujitolea si Kiswahili

Wamarekani wanaokuja kufundisha hisabati na sayansi katika sekondari zetu za Tanzania kupitia Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, hukaa miezi 27: mitatu hivi ya mafunzo, 24 ya kazi. Shirika lilipoanza mwaka 1961, watu walinolewa kwao, katika vyuo vikuu vya Marekani, ndipo wakasafirishwa. Siku hizi wananolewa hukuhuku. Mgeni anawekwa kwenye familia, asubuhi anasoma Kiswahili na wenzake watatu au wanne chini ya mkufunzi mmoja, na mchana anajifunza ualimu. Kila anayeuliza habari za mafunzo hayo huuliza hivi: "Kiswahili kinapanda?" Si swali baya. Ila mwezi wa kwanza kazini, darasa huwa linavunjika kwa sababu ya Kiingereza chake.

Mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu kama mengine. Ghafla hisabati, fizikia na baiolojia zote zinageuka Kiingereza. Mbele yake anasimama mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, anayeunganisha maneno na kumeza herufi. Mwalimu Mtanzania akisema Kiingereza, mtoto anakamata vipande. Mgeni akisema, hakamati kitu, na kwa adabu anaitikia kwamba ameelewa.

Kwa hiyo zoezi la wiki ya kwanza, kabla ya ngeli na kabla ya njeo, liwe hili: mgeni aandike aya moja ya somo lake, aisome kwa sauti, na kijana wa kidato cha kwanza au cha pili wa nyumba ile anayoishi aandike anachosikia. Kisha waweke karatasi mbili pamoja. Hakuna mhadhara unaofundisha kama karatasi ile. Baada ya hapo apunguze: sentensi moja wazo moja, maneno manane hadi kumi, na neno jipya liandikwe ubaoni kabla halijatamkwa. Asiongeze sauti. Wengi wakiambiwa hawasikiki hupiga kelele, na kelele ya haraka bado ni haraka.

Yapo matamshi machache yanayofanya madhara makubwa kuliko mengine. La kwanza ni "can" na "can't". Mmarekani anaimeza ile "t" ya mwisho, na mtoto anaandika kinyume cha alichoambiwa: asidi "inaweza" mahali ilipotakiwa "haiwezi". Dawa yake ni kusema "cannot" kila mara, hata kama yeye anajisikia kama babu wa kanisani. La pili ni "thirteen" na "thirty", "fourteen" na "forty", na ndugu zao wote. Namba hizo zisitamkwe bila kuandikwa. La tatu ni jina la herufi ya mwisho: huku ni zedi, na akiiita "zii" wanafunzi wataandika C.

Halafu kuna maneno ya somo lenyewe. Mitihani yetu inafuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo aliyesoma Marekani anajua jambo bila kujua jina lake la huku. Anachokiita "slope", karatasi ya mtihani inakiita "gradient". "Trapezoid" yake ni "trapezium", na "scientific notation" ni "standard form". Utaratibu wa matendo anaujua kwa PEMDAS, wanafunzi wanaujua kwa BODMAS. Tarehe nayo: 4/7 kwake ni Aprili, kwa darasa ni Julai. Futi na inchi aziache uwanja wa ndege. Njia rahisi ni kumpa mitihani ya Taifa ya miaka mitano iliyopita tangu siku ya tatu, aipitie akipigia mstari kila neno asilolitumia kwao. Jioni mbili zinatosha.

Mahali ambapo wataalamu wa hisabati hasa wanaumbuka ni majedwali. Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne hakuna kikokotoo. Mwanafunzi anategemea kitabu cha majedwali ya tarakimu nne ya logarithimu, yaani logi. Mgeni ana digrii, lakini maishani mwake hajawahi kutafuta logi kwenye kitabu. Chukua 34.7 × 0.0562. Kwenye jedwali, logi ya 3.47 ni 0.5403, kwa hiyo ya 34.7 ni 1.5403. Logi ya 5.62 ni 0.7497, kwa hiyo ya 0.0562 huandikwa 2 yenye kistari kichwani, kisha .7497. Kistari kile kinahasisha mbili peke yake, desimali inabaki chanya. Jumlisha desimali: .5403 na .7497 ni 1.2900, unabeba moja. Jumlisha namba nzima: 1, na hasi 2, na ile moja iliyobebwa, unapata 0. Logi ya jibu ni 0.2900, na kinyume chake kwenye jedwali ni 1.950.

Kosa linatokea hapa: mgeni anapiga logi ya 0.0562 kwenye simu, simu inampa −1.2503, naye anadhani jedwali limekosea. Halijakosea. Hasi 2 ukiiongezea 0.7497 unapata hiyohiyo −1.2503, simu imezichanganya, jedwali limeziacha mbalimbali. Asipolielewa hili kabla hajaingia darasani, atawafundisha watoto kuandika −1.2503, nao hawataweza kuitafuta kinyume chake popote kwenye kitabu, maana majedwali hayana desimali hasi. Afanye maswali ishirini ya aina hii, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, mpaka mkono uzoee. Kipeuo cha namba yenye kistari kina mtego wake: kistari kikiwa juu ya namba witiri, mfano 3, lazima kwanza iwe hasi 4 jumlisha 1 ndipo igawanyike kwa 2.

Na hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, ingawa si kile cha sokoni. Mgeni hufundishwa kununua nyanya, kupanda daladala, kujieleza kwa fundi cherehani. Vyote vya lazima. Lakini darasani anahitaji maneno ambayo mtoto alikuja nayo kutoka shule ya msingi: namba shufwa, witiri na tasa, kiasi na asili za sehemu, kipeo na kipeuo, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Ukiliandika neno la Kiingereza ubaoni, ukasema sentensi moja ya Kiswahili yenye neno ambalo mtoto analijua, kisha ukarudi kwenye Kiingereza, darasa zima linaamka. Sentensi moja tu. Anayetafsiri somo lote huwanyima wanafunzi mazoezi ya lugha watakayojibia mtihani, na anayekataa Kiswahili kabisa huwaacha nje ya mlango.

Fizikia inataka uangalifu zaidi, kwa sababu mtaani neno moja hubeba mzigo wa matatu. "Nguvu" ya kawaida inaweza kuwa kani, inaweza kuwa nishati. "Uzito" wa dukani hupimwa kwa kilo, wakati fizikia inataka tungamo kwa kilo na uzito kwa nyutoni. "Joto" ni joto lenyewe na pia ni jotoridi. Mgeni akifungua kamusi akachukua neno la kwanza analoliona, anazika tofauti ambayo somo zima lipo kwa ajili ya kuionyesha. Mkufunzi wa lugha aliyesomea sanaa hawezi kumsaidia hapa peke yake, kwa hiyo mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani aitwe mchana mmoja. Soda na nauli yake vitalipa.

(Katika namba, irabu ya mwisho ya "kumi" itamkwe kwa uangalifu wote. Wakufunzi wanajua kwa nini. Darasa la vijana hamsini litakujulisha nawe pia.)

Ubao. Watu hudhani ni kuandika tu, lakini kwa mtoto asiye na kitabu, ubao ndicho kitabu. Kosa moja pale linaingia katika madaftari sitini na litakaa humo hadi siku ya mtihani. Gawa ubao sehemu tatu kwa mistari ya wima. Kushoto kunabaki tarehe, somo, mada na maneno mapya, na hakufutwi mpaka kengele. Katikati ni notisi, kulia ni mifano na vurugu. Herufi ziwe za sentimita nne au tano. Vunja chaki vipande viwili na uilaze kidogo, haitalia. Chaki nyekundu na ya bluu hazionekani nyuma. Nyeupe na njano zinatosha. Kabla ya somo la kwanza nenda ukakae kwenye dawati la mwisho, upande wa madirisha, uone jua linapiga wapi saa nne asubuhi, maana robo ya ubao inaweza kuwa kioo kitupu. Usiseme huku umeupa ubao uso. Maliza kuandika, geuka, ndipo useme.

Kipindi ni dakika 40, au 80 vikiwa viwili pamoja. Mgeni hupanga dakika 40 za kufundisha na hufika nusu. Kuingia, kusimama, kusalimiana na kufuta ubao wa mwalimu aliyetangulia kumekula tano, na kunakili mistari kumi kwa lugha ngeni kunakula kumi nyingine. Andalio la somo lililozoeleka lina hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakari na hitimisho, mgawanyo wa 5, 15, 10, 5 na 5 ni wa busara mwanzoni. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta mabadiliko katika fomu hizo, kwa hiyo fomu iombwe kwa mwalimu wa taaluma wa shule anakokwenda, isinakiliwe kutoka kwenye faili la mwaka juzi. Lengo mahususi lisiseme "mwanafunzi aelewe". Liseme ataje, achore, akokotoe, kitu ambacho mkaguzi anaweza kukiona kimefanyika.

"Mmeelewa?" lifutwe kwenye msamiati wake. Jibu ni "Ndiyoo!" la pamoja, siku zote, hata angekuwa amefundisha Kichina. Badala yake aulize swali dogo na kila mmoja aandike jibu daftarini, huku yeye akipita kati ya madawati akiangalia.

Kuhusu viboko, ajue mapema. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua. Mwalimu wa kujitolea hapigi. Lakini wengi hukosea hatua inayofuata: mtoto msumbufu wanamtuma ofisi ya walimu, wakidhani wamekwepa, kumbe wamempeleka kwenye fimbo ileile waliyoikataa. Afadhali apange adhabu yake mwenyewe, kufuta ubao wiki nzima au kubaki kurudia zoezi, na amweleze mwalimu wa nidhamu siku ya kwanza, kwa shikamoo na kwa faragha, kwamba ya darasani kwake atayamaliza mwenyewe.

Nyumbani hakuna mengi. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja, tatu kwa sehemu za juu ya mita 2,000 kama Makete. Chandarua kichomekwe chini ya godoro kabla giza halijaingia. Nguo za ndani anafua mwenyewe na anaanika ndani. Mama akiongeza ugali, sahani isogezwe pembeni mapema na "nimeshiba mama, ahsante" ifuate. Aliyemaliza haraka anaongezewa. Familia nazo ziombwe jambo moja: zisijifunze Kiingereza kwa mgeni, angalau hadi baada ya chakula cha jioni. Na saa: akiambiwa kipindi ni saa mbili, ni mbili ya asubuhi yetu. Wapo waliofika saa nane mchana wakiwa wamechomekea vizuri kabisa.

Mazoezi ya kufundisha yaanze mbele ya wenzake, dakika kumi kumi, kisha darasa la kweli. Mwangalizi akae nyuma na ahesabu badala ya kutoa maoni: ameita wasichana wangapi na wavulana wangapi, amesubiri sekunde ngapi baada ya swali kabla ya kujijibu mwenyewe, amesema akiutazama ubao mara ngapi. Baada ya kipindi ampe mambo mawili tu ya kurekebisha, kwa sababu akimpa tisa hatarekebisha hata moja. Halafu wachukue madaftari matano ya dawati la nyuma na kuyasoma pamoja. Kinachokosekana katika yote matano ni kile alichokisema bila kukiandika.