Nilivyofunga Ramadhani pasipozama jua

Sisi wa pwani saa tunaihesabu kwa jua. Likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili nyingine, na Magharibi imeingia. Sasa nenda mahali ambapo halizami.

Ramadhani ya 2015, iliyoanza Juni 18, ilinikuta Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada, nikiendesha teksi. Mji uko katika Northwest Territories, eneo ambalo Kenya mbili zingeingia na nafasi ikabaki, lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu 41,000 hivi tu. Uwanja wa Kasarani wasingeujaza. Wakati huo ukitoka mjini kwa gari, barabara ilikuwa moja, ya changarawe, na uliweza kwenda saa nzima bila kuona nyumba.

Kufunga kwenyewe hakukunishinda. Kilichonishinda ni usingizi. Saa tisa usiku jua linatambaa juu ya miti upande wa kaskazini, jekundu, watoto wako nje na baiskeli. Mwili unakataa kuamini kuwa ni usiku. Siku ya nne, baada ya kulala vipande vya saa moja moja, niliona barabara inacheza mbele ya gari. Nikaegesha, nikanywa maji. Nililia, sitaficha. Tangu nibaleghe sikuwahi kula mchana wa Ramadhani.

Mzee mmoja wa Kisudani, dereva mwenzangu, alinichukua hadi msikitini. Msikiti wenyewe ni mdogo, una historia ya ajabu: ulijengwa Winnipeg, ukapakiwa kwenye lori kisha tishali, ukasafiri kilomita zipatazo 4,000 hadi huku mwaka 2010. Akanionyesha ratiba iliyobandikwa ukutani. Walikuwa wakifuata saa za Edmonton, kusini, ambako jua linachwa. "Mwanangu," akaniambia, "dirisha usiliangalie tena. Angalia karatasi hii."

Nikafanya hivyo. Nilinunua karatasi za aluminiamu, zile za kufungia nyama, nikazibandika kwenye vioo vyote vya chumba kwa gundi ya karatasi, hata ule upenyo wa chini ya mlango nikauziba kwa taulo. Futari ilikuwa saa nne usiku na dakika chache: tende tatu, uji wa pilipili manga niliojifunza kwa mama, maji. Daku inafuata baada ya saa chache tu, kwa hiyo sikulala katikati. Nililala baada ya Alfajiri hadi saa tano, ndipo nikaingia kazini. Mwenye teksi alikubali kunibadilishia zamu, nikamshukuru sana. Zilizobaki nilizifunga zote, kila moja zaidi ya saa kumi na saba.

Ile siku moja niliilipa Desemba. Huku karibu mwezi huo wote jua halichomozi kabisa. Adhuhuri ni mwanga hafifu wa bluu unaopita haraka. Ratiba ni ile ile ya Edmonton. Saa kumi na robo alasiri nilikaa kitandani, taa za barabarani zinawaka, theluji nje imekauka kama chumvi, nikafungua kwa tende. Zile karatasi za aluminiamu zilikuwa bado zimebandikwa dirishani. Nikazibandua.