Siku moja maishani mwangu: huduma ilipoutangulia mtandao

Saa 2 asubuhi. Seva zimesasishwa na kuwashwa upya usiku. Zote ziko hewani, ila moja hifadhidata yake imekufa. Kwenye logi (kumbukumbu za matukio ya seva), hifadhidata inalalamika kwamba anwani ya IP iliyoagizwa kuisikiliza haipo. Mistari michache chini yake, DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, inaleta anwani hiyohiyo: imechelewa tu.

Saa 3. Nafungua faili la huduma, yaani la hiyo hifadhidata, na kukuta After=network.target. Hapa wengi hunaswa. Kwenye systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux, mstari huo unamaanisha tu kwamba programu inayosimamia mtandao imeshaanza kazi. Kama anwani imepatikana au la, hilo ni jambo jingine. Inayotakiwa ni network-online.target, tena kwa mistari miwili: Wants ya kuiita, After ya kuingoja. Ukiweka After peke yake, huenda hakuna aliyeiita, na huduma itaanza bila kungoja chochote.

Saa 4. Nawasha upya, seva inaganda dakika mbili nzima. Mkosaji ni systemd-networkd-wait-online, kiprogramu kinachongoja mtandao uwe tayari: inaingoja kadi ya pili ya mtandao, ambayo haijachomekwa hata kebo, mpaka kikomo chake cha sekunde 120 kiishe. Kwenye faili la kadi hiyo naandika RequiredForOnline=no, yaani isingojwe. Safari hii inawaka mara moja.

Saa 6. Seva nyingine, diski ya iSCSI, yaani inayofikiwa kupitia mtandao. Naongeza _netdev kwenye fstab, faili la orodha ya diski, ili ingoje mtandao, basi.

Saa 8. Mwenzangu anauliza, "Kaka, si tuweke tu sleep 30, huduma ingoje sekunde 30, tumalize?" Nakataa kabisa. Huko ni kubahatisha: swichi yenye spanning tree (kinga dhidi ya data kuzunguka bila mwisho) inaweza kulifunga lango kwa sekunde 30 kabla ya kupitisha data, na DHCP bado haijaanza kuongea. Tena mtandao uliopo asubuhi unaweza kukatika jioni, kwa hiyo huduma yenyewe ijue kujaribu tena. Tunaweka Restart=on-failure (ikianguka, ianzishwe tena) na RestartSec=5 (baada ya sekunde 5). Hiyo 5 ni muhimu, maana kwa kawaida systemd hurudia baada ya milisekunde 100, na huduma ikianza mara tano ndani ya sekunde 10 huachwa ilivyo.

Saa 10. Tunachomoa kebo makusudi, tunawasha seva, tunasubiri hadi kikomo kipite. Hifadhidata inaanguka, inajaribu, inaanguka. Tunairudisha kebo, anwani inaingia, na jaribio linalofuata linashika.