Siku moja maishani mwangu: nesi mkunga, Pemba

Saa 11 alfajiri nshaamka, sala, chai na boflo la jana, mbio kuwahi gari la kwanza. Mie ni nesi mkunga, kituo chetu kipo huku kaskazini, wilaya ya Wete.

Saa 1 na nusu napokea zamu. Usiku wamezaliwa watoto wawili, wazima alhamdulillah. Nikifungua kadi kitu cha kwanza naangalia kama wamepakwa dawa ya macho, ile tetrasaiklini ya tyubu, maana inatakiwa ndani ya saa ya kwanza. Watu wanaiona kitu kidogo lakini mama akiwa na kisonono au klamidia, magonjwa ya zinaa haya, mtoto anaipata pale pale anapopita njia ya uzazi, inamuingia machoni, na mama mwenyewe huenda hana habari kwa sababu wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, si uchafu si maumivu.

Saa 3 kliniki imejaa. Wanaohudhuria mara ya kwanza wote wanatobolewa kidole, kipimo kimoja kinatoa majibu mawili, ukimwi na kaswende. Leo mmoja kaswende imetokea, binti mdogo, mimba ya miezi minne. Nikamuingiza ndani nikafunga mlango. Akanyamaza weee, halafu akasema, "Daktari, mie simjui mwanamme mwengine zaidi ya mume wangu." Nikamwambia mdogo wangu, hapa hatuhukumu mtu, huu ugonjwa unaweza kukaa mwilini miaka umenyamaza tu na hicho kipimo hakisemi nani kamletea mwenziwe. Kaswende khasa haisubiri leba, inapita kwenye kondo la nyuma inamfata mtoto huko huko tumboni, mimba inatoka, au mtoto anafia tumboni, au anazaliwa nayo. Lakini huyu kawahi na penisilini ipo. Wanaoniuma roho ni wale wanaokuja kliniki tumbo lishashuka, maana sindano inatakiwa iwe imeingia angalau mwezi mmoja kabla ya kuzaa ndio tuseme mtoto kakingika. Sindano yenyewe ya tako na inauma, alikamata ukingo wa kitanda mpaka nikamaliza. Kwa vile hatujui kaugua tangu lini atachoma tatu, moja kila wiki. Nikamwambia ampigie mumewe sasa hivi, mie nipo.

Saa 5 kaja bibi na mjukuu wa siku nne, kazaliwa nyumbani. Macho yamevimba, kope zimegandana, pembeni weusi wa wanja. "Tumemkamulia maziwa ya mamake, mwanangu, hayafunguki." Nikayasafisha pole pole, nikigeuka kuchukua pamba nyengine usaha ushajaa tena, mzito, wa manjano. Usaha kama huu, siku za mwanzo hizi, unawaza kisonono moja kwa moja, na kikiachwa kinatoboa kioo cha jicho mtoto akawa kipofu ndani ya siku chache tu. Nikamulika tochi, kioo bado kinang'aa. Hapa dawa ya kupaka haitoshi tena, akachomwa seftriaksoni na rufaa nikaandika hapo hapo, mama na baba watibiwe pia. Bibi anauliza, "Ataona?" Nikamwambia bibi, tumewahi, inshaallah, lakini nenda sasa hivi na wanja usimpake tena.

Adhuhuri nimesali, nimekula wali nimesimama.

Saa 8 mama mmoja anaeishi na virusi vya ukimwi kaleta mtoto wa wiki sita, tunamtoa damu kisiginoni inakaushwa kwenye karatasi inapelekwa maabara kuangalia kama kaambukizwa. Huyu mama namheshimu sana, dawa zake hakosi na mtoto kampa nevirapini, dawa ya kumkinga na virusi, kila siku. Bila dawa yoyote, katika watoto 100 wa akina mama wenye virusi wanaambukizwa 15 hadi 45, wakitumia dawa sawasawa hawafiki 5.

Nakaribia kukabidhi zamu, mume wa yule binti huyo, kasimama nje ya mlango, kofia mkononi, wanaume huku kliniki ya wajawazito wanaiona si pahala pao. Nikamwambia shemegi karibu, kaa karibu na mkeo. Akauliza suala moja tu, mtoto atapona? Nikamueleza akichoma mke peke yake mume akabaki na kaswende atamrudishia mwenziwe, na mtoto tumrudishe tulipoanza. Akakubali akapimwa, naye imetokea, akachomwa. Nikawaandikia tarehe moja wote wawili, wiki ijayo waje pamoja.