Conques: vichwa vinavyochungulia ukingoni

Baba yangu alikuwa mwashi, kwa hiyo mimi kila jengo huliangalia kwanza kwa mawe yake. Kanisa la abasia la Conques, kijiji kidogo cha Aveyron kusini mwa Ufaransa, limejengwa kwa mawe ya manjano, mekundu na ya kijivu. Nyumba zimebanana ubavuni mwa kilima, kuta zake za fremu za mbao, mapaa ya mawe bapa.

Juu ya mlango mkuu kuna Hukumu ya Mwisho, imechongwa mwanzoni mwa karne ya 12. Ina sanamu 124. Nilisimama chini yake mpaka shingo ikauma. Kristo yuko katikati, mkono mmoja ameuinua, mwingine ameushusha. Chini yake roho zinapimwa, na shetani anabonyeza mizani kwa kidole! Aliyewahi kununua nyanya sokoni anaujua mchezo huo. Rangi za zamani hazijafutika zote. Buluu bado inaonekana. Lakini kilichonishika zaidi ni vichwa vidogo kwenye ukingo wa nje: watu wamekamata pindo la jiwe kwa vidole, wanachungulia. Mchongaji aliwapa nafasi pale ambapo wengi hatuangalii.

Ndani, madirisha hayana picha hata moja. Ni kazi ya mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez, mji wa Aveyron hii hii, iliyokamilika mwaka 1994: kioo cheupe kisichoonyesha nje, na mistari myeusi tu. Mwanzoni sikuyapenda, nimezoea watakatifu wa rangi. Nikakaa. Wingu lilipopita, kioo kilichokuwa na ubuluu kikageuka rangi ya asali, na mawe ya ukuta nayo yakabadilika. Sasa nayatetea kwa yeyote.

Katika hazina ya kanisa yumo Mtakatifu Foy, msichana aliyeuawa kwa ajili ya imani yake: sanamu iliyoketi, imefunikwa dhahabu na vito, macho yamekutazama moja kwa moja. Mifupa ya msichana huyo aliiiba mtawa wa hapa kutoka mji wa Agen, karne ya 9. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, dhahabu za makanisa zilipokuwa zikiyeyushwa, wanakijiji waligawana vitu hivi wakavificha majumbani mwao. Baadaye wakavirudisha.

Nilipotoka nilishuka kichochoro polepole, nikiangalia milango ya zile nyumba mmoja mmoja.