Tulivyouza filamu ya zamani sekunde moja moja

Mimi ni mweka hazina wa kamati za harusi. Kama uliolea Ilala miaka ya karibuni, huenda nilishakupigia simu saa mbili usiku kukukumbusha mchango. Kwa hiyo familia moja ya Kariakoo waliponiletea makopo mawili yenye kutu, wakasema humo mna filamu aliyoitengeneza marehemu baba yao mwishoni mwa miaka ya 70, sikuhitaji mtu wa kunifundisha kuchangisha pesa za kuiokoa. Jina la filamu siliandiki, wenyewe hawataki.

Walimu lakini hawakukosekana. "Andika andiko, peleka kwa wafadhili." Najua The Film Foundation, taasisi ya mwongozaji filamu wa Marekani Martin Scorsese, pamoja na FEPACI (shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika) na UNESCO, walianzisha mwaka 2017 mradi wa kukarabati filamu 50 za Afrika. Kazi nzuri sana. Ila filamu ya dakika 22 isiyojulikana kuvuka Mtaa wa Msimbazi, uipange foleni moja na za magwiji? Mwingine akaniambia nifungue mradi Kickstarter, tovuti ya kuchangisha. Angejaribu yeye kwanza, angegundua kwamba Tanzania haimo kwenye nchi zinazoruhusiwa.

Kisha akaja bwana mmoja wa kuandaa matukio. Huyu ndiye aliyewashika familia masikio. Akasema watu wakubwa hawachangii kwenye simu, wanachangia mezani. Basi ukumbi ukakodiwa, viti vikavishwa vitambaa, kadi zikachapwa za singo na dabo, MC akaletwa. Mgeni rasmi alifika pilau ishapoa. Akapokea kipaza sauti, akakohoa, akasema urithi wa taifa hauna bei, na yeye na rafiki zake wanaahidi milioni tano. Vigelegele! MC akamzungusha ukumbi mzima kama bwana harusi. Meza za jirani nazo zikaona aibu, kila moja ikasimama na ahadi yake. Nikaandika mpaka karatasi ikaisha. Kesho yake nikaanza kupiga simu. Mgeni rasmi hapatikani. Rafiki zake hawakumbuki kama ni rafiki zake. Taslimu iliyopatikana usiku ule haikutosha hata kulipia ukumbi, na mwenye viti alitudai mpaka mwezi wa pili.

Tangu siku ile kamati yangu haiandiki ahadi. Umetuma, jina linaingia kwenye orodha. Hujatuma, tunakupenda tu.

Huku nyuma filamu ilikuwa inanuka siki. Ukifungua kopo, puani kama kachumbari. Plastiki ya asetati ndivyo inavyooza, hasa kwenye joto na unyevu kama wa kwetu, na ikishaanza inazidi kasi yenyewe. Nikaihamishia kwa rafiki yangu mwenye duka la dawa, chumba chake cha kiyoyozi. Kijana mmoja wa video alitaka laki mbili tu: aiweke kwenye projekta, aipige ukutani, arekodi kwa simu. Nashukuru nilimwita kwanza mzee aliyewahi kuendesha mashine pale sinema ya Avalon. Aliivuta kidogo, akapima vitundu vya pembeni kwa kucha, akasema, "Mwanangu, hii imesinyaa. Meno ya mashine yataitafuna yote." Kijana akaondoka na projekta yake.

Sasa ujanja wenyewe. Nilimwazima fundi saa ile lenzi yake ya jichoni. Nikawasha kompyuta iwe nyeupe tupu, nikaweka karatasi ya kuchorea juu ya kioo, juu yake kipande cha mwanzo wa filamu, nikabana lenzi kwenye kamera ya simu. Picha ikatoka! Imegeuka waridi, maana rangi za filamu za enzi zile hupauka hivyo, lakini sura zinaonekana. Kila jioni nikawa natupia moja kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Kariakoo, bila kutaja hela kabisa: "Nani anamjua mama huyu mwenye kanga?" Usiku wa picha ya basi la Ikarus la UDA, lile kumbakumba la kujikunja katikati, watu hawakulala. Wengine wanasema linakwenda Ubungo, wengine Mwenge, mmoja akatukanwa kwa kusema Temeke.

Asubuhi yake ndipo nikatangaza bei. Filamu ni dakika 22, yaani sekunde 1,320. Sekunde moja ni picha 24, na sekunde moja ni elfu kumi. Chagua yako, jina lako litaandikwa mwishoni. Waliokaa kimya kwenye "urithi wa taifa" wakaanza kugombania basi. Mama mmoja wa Muscat alinunua ngoma ya harusi karibu yote kwa sababu alimwona shangazi yake nyuma ya mpiga zumari. Sekunde zilizododa ni za bahari tupu, hizo nikawauzia wavuvi wa Feri kwa bei ya kuelewana. Kila saa tatu usiku orodha inabandikwa, na makato ya simu nayaandika pia, kwa sababu mtu akikosa mia tano kwenye hesabu anaanza kuuliza umenunua gari lini.

Maabara ya Ulaya tuliyoipata ilisafisha, ikaskani kwa ukali wa picha wa 2K (msidanganywe na 4K, kwa milimita 16 hiyo inatosha kabisa) na ikarekebisha rangi na ule mstari wa sauti unaopita pembeni. Yote ilikula kama milioni kumi na moja na kitu, pamoja na usafirishaji. Pale pa kutuma mzigo walikataa kwanza, wamesikia filamu za zamani hulipuka. Zile ni za nitreti, plastiki ya zamani zaidi inayoshika moto upesi; yetu ni asetati. Nikatoa lenzi ya fundi saa, nikawaonyesha maandishi madogo ukingoni: SAFETY FILM. Wakapokea.

Kwenye skani kibao cha basi kinasomeka vizuri. Temeke. Aliyetukanwa anataka aombwe radhi kwenye kundi lile lile, na waliolipia sekunde za "Ubungo" wananiuliza kama naweza kuwabadilishia. Sibadilishi. Chenji iliyobaki tumenunulia diski mbili, moja kwa familia na moja kwa mwenye duka la dawa, na makopo yenyewe yamerudi kwenye kiyoyozi chake.