Daftari la Deni

Tangu utoto wangu niliambiwa, na kila aliyeniambia hakuwa na chembe ya shaka, kwamba babu yake baba alikuwa na duka kubwa Mikindani, kwamba nyumba yake ilikuwa ya mawe yenye mlango wa nakshi, na kwamba hata Mjerumani wa bomani alikuwa akituma mtu kwake kukopa sukari. Jina lake sitaliandika hapa, kwa sababu jina lake na la baba yake ni ya kawaida mno katika pwani yetu ya kusini, na nikiliandika nitakuwa nimewagawia babu watu wasiokuwa wake.

Mimi ni mhasibu, na mhasibu akiambiwa habari ya mali huuliza ilipoandikwa. Mwaka 2010 nilipata safari ya kikazi Dar es Salaam, nikaomba siku nne za ziada ili nikamtafute katika Nyaraka za Taifa pale Upanga. Majalada ya Wajerumani yalinishinda kwa mwandiko wao wa mkono, ambao hata msomaji wa Kijerumani cha leo huhangaika nao. Vitabu vya wilaya vya Waingereza nilivisoma bila taabu, lakini waandishi wake walijali makabila, majumbe, mipaka na kodi, na walipofika kwenye biashara walitaja maduka kwa hesabu ya jumla. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa na barua zao, leseni zao na malalamiko yao, ilhali mwenye duka dogo hakuwa na sababu ya kuandikwa na serikali maadamu alikuwa amelipa kodi yake. Nilirudi Mtwara mikono mitupu, na nikiri kwamba nilikuwa nimeanza kumshuku babu mwenyewe kuliko majalada.

Mwezi wa Juni 2011 nilikwenda Mikindani kumjulia hali shangazi, ambaye wakati huo alikuwa amevuka miaka themanini. Kutoka Mtwara ni mwendo wa kilomita zipatazo kumi tu, lakini ukishauona mji ule umekaa ukingoni mwa ghuba yake ya mviringo, magofu ya nyumba za matumbawe yakiwa chini na boma la mwaka 1895 likiwa juu ya mteremko, huoni vigumu kuamini kwamba kila ukoo wa pale uliwahi kuwa na tajiri. Nilimsimulia safari yangu ya Upanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa baba, umekwenda kote huko kumtafuta mtu ambaye sanduku lake liko uvunguni mwa kitanda changu?"

Ndani ya sanduku mlikuwa na msahafu uliofungwa kwa kitambaa, sarafu moja ya shaba yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, na daftari refu jembamba ambalo mchwa walikuwa wamekwisha kula kona yake ya chini na kurasa kadhaa za mwisho. Shangazi alikuwa akiamini kwamba ni kitabu cha dua, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kukitupa. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo mimi nazisoma kwa kudonoadonoa, kwa hiyo tulimwita Maalim wa madrasa ya jirani. Alikuja baada ya sala ya alasiri, akavaa miwani, akasoma mistari mitatu, akacheka. "Bi mkubwa," alimwambia shangazi, "hii si dua. Hiki ni Kiswahili, na mtu huyu anadai watu mchele."

Tulikaa barazani mpaka magharibi. Maalim alisoma, nami nikanakili: vitambaa vya kaniki na merikani, sukari kwa kibaba, mchele kwa pishi, mafuta ya taa. Upande wa pili wa ukurasa viliandikwa vitu ambavyo wateja walileta kulipia, yaani ufuta, nta na utomvu mkavu wa sandarusi, vyote kwa frasila, kipimo cha uzito cha zamani, au sehemu ya frasila. Tarehe zilitaja miezi tu, mfunguo tatu, Rajabu, Ramadhani, bila mwaka hata mmoja. Tulipofika kwenye jumla ya kwanza Maalim alisita. Mteja alikuwa amechukua mchele wa pesa 48 na sukari ya pesa 32, lakini jumla iliyoandikwa ilikuwa rupia moja na pesa 16. Alirudia kuisoma, akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba pengine marehemu hakuwa hodari wa hesabu. Niliona shangazi amekunja uso.

Usiku ule sikulala mapema. Nilijaribu jumla nyingine sita, na zote zilikosea kwa namna ileile moja, na mtu asiyejua hesabu hakosei kwa utaratibu. Ndipo nilipokumbuka kuwa rupia ya awali ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64, kama ilivyokuwa rupia ya Kihindi, na kwamba ni mwaka 1904 ndipo ilipogawanywa kwa Heller 100. Arobaini na nane na thelathini na mbili ni themanini. Ukitoa sitini na nne inabaki kumi na sita. Mzee hakukosea hata mahali pamoja.

Asubuhi nilimwomba Maalim atafute mahali ambapo jumla zinabadilika, na tulipapata karibu na katikati ya daftari. Mteja mmoja alidaiwa, kwa kadiri Maalim alivyosoma, "hela sitini na hela sabini, jumla rupia moja na hela thelathini." Maalim alidhani hela hapo ni fedha tu, kama sisi sote tunavyosema leo, na mimi pia ilinichukua muda kutambua kwamba neno hilo tunalolitamka kila siku sokoni lilikuwa, kwenye ukurasa ule, jina la sarafu ya Kijerumani ambayo ndiyo kwanza imeingia mjini. Kwa hiyo duka lilikuwapo kabla ya 1904 na liliendelea baada yake. Yale majalada ya Upanga hayakuwa yamenipa hata hilo.

Lakini daftari lilitoa na mambo mengine ambayo shangazi hakuyapenda. Kila mwezi kulikuwa na mstari wa "kodi ya banda", maana yake nyumba ya mawe haikuwa yake, wala pengine haikuwa ya mawe. Bidhaa karibu zote alizichukua kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa akishauza, kutoka kwa Mhindi mmoja aliyetajwa kwa jina la kwanza tu, akaziuza, kisha akampelekea Mhindi ufuta na nta kupunguza deni. Tajiri wetu alikuwa mchuuzi wa mali ya mtu mwingine. Mjerumani naye tulimtafuta kurasa zote, tukapata mstari mmoja tu: "askari wa boma, sukari, kibaba kimoja, hajalipa." Shangazi alisema hiyo inatosha, na kwa kweli nilikubaliana naye.

Kuelekea mwisho mwandiko ulibadilika. Maalim alinionyesha: herufi zilikuwa kubwa zaidi na zisizo na haraka, za mtu aliyejifunza kuandika kwa ajili ya kunakili Kurani. Juu ya ukurasa paliandikwa "deni la marehemu, rupia arobaini na tatu," na chini yake malipo madogo madogo, rupia moja, nusu rupia, hela ishirini. Nilihesabu Ramadhani tano zilizopita katika kurasa hizo, zote kwa rupia na hela. Ukoo wetu husema kwamba babu alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akafia Mahiwa, ambako Wajerumani na Waingereza walipigana Oktoba 1917. Kama ingekuwa hivyo, Ramadhani ya tano ingeangukia 1922, wakati ambapo Waingereza walikuwa wamekwisha kuleta shilingi ya Afrika Mashariki. Hivyo alikufa kabla ya vita ile kufika Mahiwa, na hao waliobaki wakamlipia.

"Lilikwisha?" shangazi aliuliza.

Nilijumlisha. Yalikuwa yamelipwa rupia ishirini na sita, na baada ya hapo zilikuwa kazi za mchwa. Nilimweleza kwamba huenda zilizobaki zililipwa katika kurasa zilizoliwa. Hakuridhika. Alimgeukia Maalim, akataka kujua hukumu ya deni la maiti ambalo mdai wake hajulikani alipo wala warithi wake. Maalim alijibu kwamba kiasi hicho hutolewa kwa wahitaji kwa niaba ya mwenye haki. Basi shangazi akanitaka nimwambie rupia kumi na saba ni shilingi ngapi. Rupia ilibadilishwa kwa shilingi mbili, kwa hiyo jibu la kitabuni lilikuwa shilingi thelathini na nne, nikalisema, nikaona linavyochekesha hata kabla sijalimaliza.

"Hiyo hata peremende hainunui," alisema. "Pima kwa mchele. Si bei zake zimo humo humo?"

Bei zilikuwamo. Tulichukua mchele wa ukurasa wa hela, pishi kwa pishi, mimi nikipiga hesabu na Maalim akihakiki, mpaka tukajua rupia kumi na saba za siku zile zingenunua mchele kiasi gani, na shangazi akaongeza kidogo juu yake kwa ajili ya kuchelewa. Mchele ulinunuliwa siku iliyofuata ukapelekwa madrasa. Kisha aliniamuru nichukue karatasi mpya, niandike tarehe, uzito na jina la aliyepokea, niitie ndani ya daftari pale mchwa walipoishia, na sanduku nilirudishe uvunguni.